Yona Alinawa Mara Tisa

Jikoni, kambi ya polisi, Kasese
3 Machi 2025

Mwalimu Hanifah,

Hunijui. Mimi ni mpishi wa kambi hii, na kwa miaka kumi na minne nimewasongea posho, yaani ugali, askari wa kila kabila la Uganda. Kiswahili nilifundishwa na Aryemo, mke wa koplo, aliyenipa kona ya chumba chake siku nilipofika hapa na gauni moja. Kwa hiyo ukiona naamrisha mahali pa kuomba, usishangae. Hapa hata chumvi huombwa kwa amri.

Wiki iliyopita mtoto wa jirani yangu alisahau kitabu mezani kwangu. Ni kile cha hadithi fupi mnachosomesha kidato cha tano. Nikakifungua tu kupoteza muda maharage yakichemka. Hadithi ya tatu inaitwa "Ghala la Kyarumba" na imeandikwa na Mwalimu Kule, yule ambaye redio zetu humwita fahari ya milima.

Unaijua kuliko mimi. Biira, mke wa mtu mwema aitwaye Yona, ana tamaa ya vitenge na makelele ya sokoni. Siku ya soko anamwaga mafuta ya taa kwenye ghala la kahawa la baba mkwe, anawasha moto, mzee anafia ndani. Biira anakimbia na askari na kumwacha barazani mtoto wa miaka mitatu. Yona anabaki kulea na kusali. Msomaji analia.

Biira ni mimi, Mwalimu, na Yona ni Kule mwenyewe, aliyekuwa mume wangu. Jina langu ni Kabugho. Sikuchoma ghala la mtu. Sikukimbia na askari, nilifukuzwa kwa fimbo, ndipo nikaja kuwapikia askari. Na yule mtoto wa barazani yumo darasani mwako. Anaitwa Evas. Anakaa wapi, mbele au nyuma? Usimwambie nimeuliza.

Nasikia Kule ni mgeni rasmi wenu Siku ya Fasihi, mwezi wa sita. Nataka mambo mawili. Acha kufundisha uongo huo. Na siku hiyo nipe dakika tano mbele ya watu. Nitakachofanya na dakika hizo niachie mwenyewe.

Sipigi simu. Simu mtu anakata. Barua hata ukiichana, umeshaisoma. Jibu mpe Muniru, dereva anayetuletea vitunguu, yuko Bwera karibu kila siku.

Kabugho


Bwera
10 Machi 2025

Bi Kabugho,

Assalaam aleikum, na kama salamu hiyo si yako, habari za kazi.

Pole kwa yaliyokupata. Lakini hadithi si kesi, na mimi si hakimu. Kila mwaka hunijia mtu akidai mhusika fulani ni yeye. Biira ni mtu wa karatasi, na anayesimulia si lazima awe mwandishi. Hadithi imo katika orodha ya mtihani. Siwezi kuiondoa kwa sababu imemuuma mtu mmoja.

Umesoma kwa kidonda, dada yangu. Nikuambie ninachowaambia wanafunzi. Kisa ni kile kilichotokea. Dhamira ni kile ambacho hadithi nzima inakijua kuhusu binadamu, hata kama hakuna mhusika anayekitamka. Huipati kwa kusikiliza mwandishi anajisifu nini, wala msomaji analia wapi. Tazama kinachorudiwa. Tazama nani analipa, na nani amebadilika ukurasa wa mwisho. Kisha tazama kitu ambacho mwandishi angeweza kukiacha bila hasara, lakini kalamu yake ikakataa.

Mwongozo wa mwalimu unasema dhamira kuu ni tamaa ya mwanamke na jinsi inavyobomoa nyumba. Kama una dhamira nyingine, niletee na ushahidi wa maneno na kurasa. Machozi sisahihishi.

Dakika tano sina uwezo wa kuzitoa. Evas anakaa safu ya mbele, karibu na mlango. Sitamwambia.

Mwl. Hanifah


Kasese
14 Machi 2025

Mwalimu,

Muniru aliponipa barua yako alisema, "Dada, huyu mwalimu yako iko baridi sana." Kasema kweli. Nimekuandikia kwa damu, umenijibu kwa chaki.

Haya, dhamira hii hapa: Kule ni mwongo na mwoga, na Mungu anamwona. Weka alama.

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Ghala lilikuwa la baba mkwe, Kyarumba juu, halina dirisha hata moja, komeo nje na komeo ndani. Mzee alikuwa katekista, hakutaka kunusa pombe nyumbani mwake. Kule alikuwa mwalimu tayari na alikuwa mlevi wa siri. Alikuwa akijifungia mle mchana na chupa ya waragi, juu ya magunia, na mshumaa wa kumwangazia. Siku hiyo ya soko nilishuka Kinyamaseke kumwona mama yangu mgonjwa. Sikuaga. Kule akalala, mshumaa ukaanguka, magunia yakashika. Akatoka mbio, akajificha nyuma ya migomba. Mzee alikuta moto, akaingia kuokoa kahawa yake, paa likamwangukia.

Nilipopanda mlima jioni nilikuta watu na fimbo. Kule alikuwa amefunga kiganja kwa kitambaa, eti aliungua akimwokoa baba yake, analia na kusema, "Muulizeni huyu alikuwa wapi." Nilisema alikuwa anakunywa mle ndani. Nani amsikilize mwanamke aliyetoka bila kuaga? Evas alikuwa mgongoni kwa shangazi yake. Sijamgusa tena tangu siku hiyo.

Na huyo fundi wenu wa maneno amekosea jambo ambalo mtoto wa chekechea wa Kyarumba angemcheka. Kwetu Wakonzo jina la msichana ni zamu yake ya kuzaliwa. Wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Amenificha kwa jina la Biira, halafu ukurasa wa arobaini anaandika kwamba dada zake wawili wakubwa walimsindikiza harusini. Biira atoe wapi dada wakubwa wawili? Mwenye wawili ni Kabugho! Njia ya mwongo fupi, Mwalimu.

Nimenunua jerikeni la mafuta ya taa. Kaandika kwamba nilimwaga, basi nitamwaga kweli, kwenye viatu vyake, mbele ya wageni. Sitawasha. Nataka anuse tu.

Kabugho


Bwera
2 Aprili 2025

Bi Kabugho,

Alama mbili kwa kumi. Moja ya mwandiko na moja ya ujasiri. Tusi si dhamira. Hata kama Kule ni mwongo, hilo ni jambo kuhusu Kule. Hadithi inasema nini?

Lakini lile la majina limeninyima raha. Mimi si Mkonzo, wazee wangu walikuja hapa na biashara ya nguo, na miaka sita nimeufundisha ukurasa wa arobaini bila kuona kitu. Nikauliza darasani, kwa upole tu, kama kuna anayeona kosa. Darasa zima likaangua kicheko. Walikuwa wameliona siku nyingi, walidhani nalijua. "Huyo si Biira, Mwalimu, huyo ni Kabugho!" Walicheka wote isipokuwa mmoja wa safu ya mbele, karibu na mlango.

Kumbe jina la mama yake analijua. Siku ya pili alileta insha. Nanukuu kwa sababu nadhani una haki: "Dhamira ya hadithi hii ni kwamba mama aliyekimbia asitafutwe, kwa maana aliyewasha moto hawezi kurudi kuuliza majivu." Nilimpa nane kwa kumi. Hoja zake zilifuata mwongozo neno kwa neno.

Samahani. Ningeweza kukuficha hili. Na jerikeni lako liache huko huko, tafadhali. Ukimwaga mafuta mbele ya Evas, utakuwa umemwigizia hadithi ya baba yake.

Hanifah


Kasese
9 Aprili 2025

Kwa Mwalimu H.N.,

Nane kwa kumi! Siku mbili sikuweza kushika mwiko. Afande mmoja akalalamika ugali una madonge, nikamwambia ayahesabu aniletee jumla.

Baadaye nikachukua kitabu na kalamu nyekundu ya ofisini. Nimefanya ulivyosema. Sikulia.

Kinachorudiwa: Yona ananawa mikono. Ukurasa wa 39 anatoka kanisani, ananawa. Ukurasa wa 41 kabla ya kumbeba mtoto. Ukurasa wa 44 mara mbili, na anayemnawisha ni mjane wa yule mzee aliyeungua. Anaendelea hivyo hadi mwisho. Nimehesabu mara tisa. Biira, mchoma ghala, hanawi hata mara moja. Mtu mwema asiye na kosa ananawa nini, Mwalimu?

Anayelipa: mzee, Biira na mtoto. Yona halipi kitu, anasifiwa tu, na ukurasa wa mwisho bado hajashiba kunawa.

Ambacho kalamu ilikataa kuacha: ukurasa wa 43. "Komeo la ndani lilikuwa jekundu, na ngozi ya kiganja ikabaki juu yake." Kiganja cha nani? Kwa hadithi yake mwenyewe, Yona yuko kanisani anaimba kwaya. Biira yuko nje na mafuta. Mzee hajafika. Ndani hakuna mtu. Lakini kuna kiganja.

Dhamira: hatia. Hatia inayozunguka kijiji inatafuta mtu wa kuibeba. Nipe alama.

Na bado sijamaliza. Mwongozo wako nimeupata kwenye duka la vitabu hapa mjini. Nilitaka kujua ni mpumbavu gani aliyeandika "tamaa ya mwanamke." Nyuma kabisa, herufi ndogo: umetayarishwa na Mwl. H.N., Bwera. Ulinitajia mwongozo mara mbili kana kwamba umeshuka kutoka mbinguni! Kikulacho ki nguoni mwako. Mwanangu alinikana kwa maneno yako, ukampa nane.

Nilikuwa na mtu mmoja wa kulipiza. Sasa mmekuwa wawili, na jerikeni linatosha.

Kabugho


Bwera
20 Mei 2025

Mama Evas,

Nimekaa na barua yako wiki sita. Nimeandika majibu manne nikayachana yote.

Ndiyo, ni mimi. Kule aliniombea nafasi katika shule hii nilipokuwa sina kitu. Mwaka uliofuata akaniletea hadithi yake na karatasi moja. Juu ya karatasi alikuwa ameandika: dhamira ni tamaa ya mwanamke. Akasema, "Wewe jaza tu mifano." Nikajaza. Nilikuwa nimeona kwamba Yona ananawa mno. Nikajiambia ni usafi. Mwalimu wa fasihi, miaka kumi na miwili kazini, nikajiambia ni usafi!

Umepata kumi kwa kumi. Sijawahi kumpa mtu kumi.

Nimefanya haya. Kabla ya kufunga shule niliwarudishia wanafunzi insha zote, nikachana mwongozo mbele yao, nikasema nilikosea na kila mtu asome upya. Sikuwapa jibu. Sikuwatajia mikono wala komeo, na Evas sikumwambia lolote juu yako. Nimewapa yale maswali manne tu.

Kule kila anapoalikwa huuliza swali lile lile: "Dhamira ya hadithi yangu ni nini?" Anayejibu hupewa kamusi. Mwache aulize. Nakuomba usije. Ukija na mafuta atakuwa yeye ndiye aliyeonewa, na atakuwa na hadithi nyingine ya kuandika.

Hanifah


Kasese
24 Mei 2025

Usiniite Mama Evas. Jina hilo hulitoi wewe.

Nimesoma. Sijakusamehe. Kuhusu kuja au kutokuja, sikujibu.

Kabugho


Bwera
16 Juni 2025

Bi Kabugho,

Ulifanya vyema kutokuja. Kaa chini kwanza, nikusimulie.

Jumamosi ukumbi ulijaa, wazazi hadi madirishani. Kule alikuja na suti ya kijivu, akazungumza juu ya maadili, kisha akainua kamusi yake. "Dhamira ya hadithi yangu ni nini?" Watoto watatu wa kidato cha pili wakasema tamaa. Akatikisa kichwa kwa furaha. Ndipo Evas akasimama.

"Hatia, mgeni rasmi."

Hakumwita baba. Kule akacheka, akasema, "Binti yangu huyu, nimemlea mwenyewe kwa mikono hii. Ushahidi uko wapi?" Evas akafungua kitabu. "Ukurasa wa 39, Yona ananawa mikono." Akafunua. "Ukurasa wa 41, Yona ananawa mikono." Kwa mara ya tatu wenzake wa kidato cha tano wakaanza kuhesabu naye. Kufika ya sita ukumbi mzima ulikuwa unahesabu, wazazi wa madirishani nao, "Saba! Nane!", wanadhani ni mchezo uliotayarishwa. Kwa ya tisa Kule hakuwa anacheka tena.

Kisha Evas akasoma mstari wa komeo. Taratibu, mara mbili. "Yona yuko kanisani. Biira yuko nje. Mzee hajafika. Naomba kuuliza, mgeni rasmi, ni kiganja cha nani?"

Kule akauingiza mkono wa kulia mfukoni. Ukumbi mzima ulimwona, Bi Kabugho. Wazee wa Kyarumba walikuwa safu ya tatu, wanalijua kovu lile. Akasema, "Mwandishi ndiye anayeijua hadithi yake." Evas akajibu, "Basi tuambie," akakaa.

Palepale mkuu wa shule akaniita ofisini. Huenda nikahamishwa, huenda nikafukuzwa. Nilipotoka nikaambiwa mgeni rasmi ameondoka bila kula, kwa aibu. Leo asubuhi Baluku, kaka yake mkubwa, amemtuma mtu kwangu. Hakutaka maelezo. Ameomba nakala ya kitabu.

Umelipiziwa, na mikono yako ni safi.

Hanifah


Kasese
18 Juni 2025

Mwalimu,

Nani kakuambia sikuja?

Aliyepewa kazi ya kupika pilau yenu ni Naimah, mke wa Muniru. Alihitaji mikono. Nilikuwa nyuma ya ukumbi tangu asubuhi, nimejifunga leso hadi kwenye nyusi, namenya vitunguu. Nilisikia mkihesabu. Nilihesabu na mimi, kisu mkononi.

Hakuondoka kwa aibu ya ukumbini. Mtu kama Kule aibu ya ukumbini huimaliza kwa sahani ya nyama. Alitoka ameshatengeneza tabasamu, akaja kwenye hema la wageni. Mlangoni nilisimama mimi na jagi na beseni, ninawanawisha. Pembeni yangu waliweka wasichana wa kushika taulo. Mmoja wao alikuwa Evas. Sikupanga hilo, naapa. Nilikuwa karibu naye hata nikasikia anavyopumua.

Kule akanyoosha mikono bila kunitazama, kama wanavyonyoosha wote. Nikaliona kovu. Limenyooka kama rula, upana wa vidole viwili, kutoka kidole cha shahada hadi kwenye kifundo cha mkono. Nikaanza kumwaga maji.

"Nawa, Kule," nikamwambia. "Hii ni ya kumi."

Akainua macho. Akasema jina langu, Mwalimu. Kabugho. Hakusema Biira.

"Unataka nini?"

"Nataka unawe."

Akashindwa kunawa na akashindwa kuondoa mikono, ameishika tu hewani kama mtoto anayesubiri kiboko. Nikamwagia jagi lote. Nikachukua la pili. Maji yakajaa beseni yakamwagikia kwenye viatu vyake vizuri. Wageni wakacheka, wakasema mpishi huyu kazeeka vibaya. Akageuka kutafuta taulo. Evas akaikunja mara mbili, akaiweka nyuma ya mgongo wake. Kule akaondoka anachuruzika, anapangusa mikono kwenye suti.

Wacha wee! Utamu wa siku ile sijui niuandike vipi. Nimepika siku tatu nikiimba, afande wameuliza kama nimepata bwana. Watu husema kisasi hakishibishi. Hao hawajawahi kula. Mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi sijapoa: Baluku akikisoma kitabu hicho, atakisoma mbele ya ukoo, na mimi nitataka kiti cha mbele.

Jerikeni liko kwa Muniru, limejaa. Sikulihitaji.

Kitu kimoja tu. Evas alinitazama usoni, muda mrefu.

Wewe nimekusamehe nusu. Ukifukuzwa kazi, njoo, nitakufundisha kusonga posho.

Kabugho


Bwera, shuleni
30 Juni 2025

Kwa Bi Kabugho,

Mwalimu Hanifah amenipa barua zako zote. Aliniambia nisome kwanza, halafu nichague kama nitaandika au sitaandika. Nimezisoma mara mbili.

Insha yangu ya kwanza ilikosea. Nilikuumiza na naomba radhi.

Lakini Mwalimu ametufundisha kusoma kila maandishi kwa maswali yale yale, na barua zako nazo ni maandishi. Kuna kitu ndani yake hakina mwenyewe.

Ukurasa wa 43, mstari wa kwanza: "Mshumaa mweupe wenye utepe wa bluu ulisimama juu ya debe." Mwalimu ni Mwislamu, hakuwa na sababu ya kuushangaa. Wenzangu waliona mshumaa tu. Mimi nina picha ya ubatizo wangu. Upande wako umekatwa kwa mkasi, ila mkono wako umebaki, umeshika mshumaa mweupe wenye utepe wa bluu. Mshumaa wa ubatizo hutunzwa na mama wa mtoto, sandukuni, pamoja na cheti. Baba hawezi kujua uko wapi. Hajui hata soksi zake ziko wapi.

Tena nimehesabu. Katika barua zako umeandika komeo, kiganja, magunia, paa, fimbo. Mshumaa umeutaja mara mbili tu, na mara zote mbili umetokea wenyewe.

Baba nilimuuliza. Alisema nimwache apumzike. Sasa nakuuliza wewe. Nani alimpa baba mshumaa wangu?

Evas
Kidato cha tano


Kasese
3 Julai 2025

Evas, mwanangu,

Mimi.

Nimeliandika hilo kwanza nisije nikalizunguka.

Siku ile mafuta ya taa yalikuwa yameisha nyumbani. Baba yako alikuwa na chupa yake chini ya koti, akaniambia mle ghalani ni giza, mtafutie kitu cha kuwasha. Ningeweza kukataa. Lakini nilitaka kuteremka Kinyamaseke bila maswali, na nilijua akishakunywa hataniuliza naenda wapi. Nikafungua sanduku. Nikautoa mshumaa wako chini ya cheti chako, nikauwasha jikoni kwa mkono wangu, nikausimamisha juu ya debe. Nikasikia anavyofunga komeo.

Njiani nikakutana na babu yako anapanda na jembe lake. Akaniuliza, "Kule yuko wapi?" Nikasema, "Sijui, Baba." Ningemwambia ukweli angemtoa mle ndani kwa bakora, na angekuwa hai mpaka leo. Nikampita, nikaendelea kuteremka. Nilikuwa na furaha ya kwenda kwetu, Evas. Nilikuwa naimba.

Kwa miaka kumi na minne nimesema habari za kiganja cha baba yako kwa kila mtu aliyesimama jikoni kwangu. Cha kwangu nilikitia mfukoni. Nilitaka kisasi chenye makelele mengi, nisisikie yale maneno mawili niliyomjibu mzee njiani. Ulipoikunja ile taulo nilidhani umenichagua mimi. Kumbe ulikuwa bado unasoma.

Sikuambii haya ili baba yako apunguziwe. Alikimbia, akaniacha nipigwe, akanikata kwenye picha, kisha akaniuza kitabuni. Hayo sijamsamehe na usije ukaniombea nimsamehe. Lakini yeye umemuuliza akataka kupumzika. Mimi umeniuliza, nimejibu.

Jumamosi Muniru analeta vitunguu huko Bwera. Nitakuwa kwenye gari lake. Nitasimama langoni pa shule mpaka saa kumi jioni, na usipotoka nitarudi kazini, sitakulaumu.

Barua hii mwonyeshe Mwalimu ukitaka. Ila asiisahihishe yeye. Alama nipe wewe.

Kabugho